Damu kwenye kitambaa cha mzee: inatoka wapi, na lini usingoje asubuhi

Mzee haanzi kwa kusema. Anakohoa akiwa amegeukia ukutani, anafuta mdomo kwa ncha ya kanga au kitambaa cha mfukoni, anakikunja haraka na kukisukuma chini ya mto. Wa kwanza kujua ni yule anayefua nguo. Kutoka hapo habari husafiri kwa njia tunayoijua: mtoto mkubwa anapigiwa simu, jirani anasema ni baridi imeingia kifuani, shangazi anasema ni vidonda vya tumbo, duka la dawa linatoa vidonge vya siku tano, na wiki mbili zinakwisha huku kila mtu akingoja vidonge vifanye kazi.

Niseme mapema ninachoamini. Kwa mtu aliyevuka miaka 60, damu kwenye makohozi inampeleka hospitali au kituo cha afya, hata ikiwa ni michirizi tu, hata ikitoka siku moja ikakata. Na ninaogopa sana yale majibu mepesi tunayojipa: "ni uzee", "ni moshi wa kuni", na lile linalosikika kama la kitaalamu kuliko yote, "TB yake ya zamani imerudi". Pengine ni kweli imerudi. Lakini mtu amejuaje?

Kama inatokea sasa hivi

Ikiwa unasoma haya na mzee anakohoa damu mbichi hapo ulipo, soma sehemu hii tu kisha ondokeni.

Aende hospitali mara moja, iwe mchana au usiku wa manane, ikiwa damu inatosha kujaza kijiko cha chakula, au inatoka kidogo kidogo bila kukatika. Aende vilevile, hata damu ikiwa ni kidogo, ikiwa anahema kwa shida, kifua kimemuuma ghafla, anatoka jasho la baridi, anaona kizunguzungu, maneno yake yamechanganyika, au midomo na ulimi vimegeuka rangi ya kijivu au buluu. Kwa ngozi nyeusi angalia ulimi na ndani ya mdomo, maana usoni hutaona kitu. Mguu mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, au akiwa anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usingoje dalili nyingine.

Njiani akae wima, ameinama kidogo mbele, ateme damu yote kwenye kopo. Asiimeze. Asilazwe chali. Akichoka kukaa, na mnajua upande ulio mgonjwa (wengine husikia joto au kitu kikichemka upande mmoja wa kifua), alale kwa ubavu huohuo, upande wenye ugonjwa ukiwa chini, ili damu isivuke kwenda kwenye pafu lililo salama. Msimpe maziwa, maji ya chumvi wala asali, na msimpe dawa ya kutuliza kikohozi: kikohozi ndicho kinachosafisha njia yake ya hewa. Tafuteni bajaji, gari la jirani, chochote chenye kiti. Juu ya bodaboda hawezi kuinama akatema, na akizimia anaanguka.

Kwa nini kidogo kinatosha kuua

Watu wengi hudhani hatari ni kuishiwa damu. Mtu mzima ana lita kama tano, kwa hiyo kikombe kimoja hakionekani kuwa kitu. Kinachoua mtu anayekohoa damu nyingi, mara nyingi, ni kukosa hewa. Koo na mirija yote ya kupitisha hewa hadi ndani ya mapafu ina nafasi ya takriban mililita 150, ambayo ni kama nusu ya chupa ndogo ya soda. Damu ikijaa humo, au ikiganda na kuziba mrija mkubwa, mtu anazama akiwa nchi kavu. Kijana mwenye kifua cha nguvu atakohoa aitoe. Mzee wa miaka 75 mwenye misuli iliyolegea hana nguvu hiyo, na pengine pafu moja lilishachakaa zamani.

Jambo la pili ni mabomba yenyewe. Mapafu hupata damu kwa njia mbili. Ile kubwa inatoka upande wa kulia wa moyo, nayo ina msukumo mdogo. Ndiyo inayokwenda kuchukua hewa safi. Nyingine ni mishipa myembamba inayochepuka kutoka kwenye mshipa mkuu wa mwili, yenye msukumo uleule unaopimwa mkononi kama presha, na kazi yake ni kulisha kuta za mirija ya hewa. Pafu likiugua kwa miaka, mishipa hii myembamba hunenepa, hujipinda na kuongezeka kuzunguka kidonda. Damu nyingi ya kutisha hutoka huku. Ndiyo maana inaweza kuanza kama michirizi ya siku tatu, ikakata, watu wakashukuru Mungu, kisha ikafumuka usiku mmoja. Kukata kwa damu hakuna dhamana.

Je, imetoka kifuani kweli?

Daktari atauliza hili kabla ya lolote, na nyumbani mnaweza kumsaidia sana.

Damu ya kifuani huja na kikohozi. Mara nyingi mzee husikia mtekenyo kooni kwanza, kisha kinatoka kitu chekundu kinachong'aa, chenye povu au kilichochanganyika na makohozi. Damu ya tumboni huja na kichefuchefu. Ni nyeusi zaidi, pengine kama machicha ya kahawa, pengine na chakula ndani, na baada yake choo huwa cheusi kama lami. Kutapika damu nako ni dharura, ila njia ya matibabu ni nyingine. Mambo huchanganyika pale mzee anapomeza damu ya kifuani kisha akaitapika, au anapokohoa kwa sababu amepaliwa na matapishi. Kwa hiyo msikariri jibu. Waelezeni wahudumu mlichokiona.

Kisha kuna pua na fizi. Mtu aliyetokwa na damu puani usiku huitema asubuhi ikiwa imeganda, bila kukohoa. Mwangalieni puani na kwenye meno. Huku pwani kuna jambo lingine: bibi anayetafuna tambuu hutema wekundu siku zote, na wekundu huo umewahi kuficha damu ya kweli kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeshtuka. Mwambieni asukutue, aache tambuu siku moja, ateme kwenye karatasi nyeupe. Na aliye kwenye dawa za TB asitishwe na rangi peke yake: rifampisini hugeuza mkojo, jasho, machozi na hata makohozi kuwa ya chungwa au mekundu. Damu ina michirizi na mabonge. Rangi ya dawa imeenea sawasawa.

Kanga na vitenge vyenye rangi nyingi si mahali pa kupimia damu. Mpe mzee tishu nyeupe au kopo lenye mfuniko, na mpige picha kwa simu. Mzee akiulizwa na daktari atasema "kidogo tu, mwanangu", na picha itasema ilikuwa kiasi gani.

TB, ndiyo, lakini TB ipi?

Katika Afrika Mashariki hakuna daktari mwenye akili timamu anayeona damu kwenye makohozi asiiwaze TB, na ni sawa. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa kupima ukubwa wa TB Tanzania, uliofanyika 2012, ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi katika umri mkubwa. Vimelea vinaweza kulala mwilini tangu ujanani, vikaamka kinga inapopungua kwa umri, kisukari, lishe duni au VVU. (Wazee nao wapimwe VVU. Kuwaruka kwa kuona haya ni kuwanyima matibabu.) Waliochimba madini wakivuta vumbi la mawe, kama kule kwenye migodi ya tanzanaiti ya Mererani, hubeba hatari ya ziada, kwa sababu vumbi la silika hukaa kwenye mapafu maisha yote na kurahisisha kazi ya TB.

Kinachosumbua ni kwamba TB ya mzee haifanani na ile ya kwenye mabango. Homa huenda isiwepo. Jasho la usiku huenda lisiwepo. Mara nyingi ni mtu anayekonda polepole, asiyetaka kula, aliyechoka, pengine aliyeanza kupoteza kumbukumbu, na familia inasema umri umemfika. Damu inapoonekana, ugonjwa huenda umekuwepo miezi mingi.

Sasa nije kwenye sehemu inayonigusa zaidi. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na TB na ukoma, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo, na kazi iliyofanyika hapa ikawa mfano ulioigwa na dunia nzima. Watu wengi walipona. Vijana waliochomwa sindano za streptomaisini kila siku kwa miezi miwili, wakanywa vidonge miezi mingine, wakarudi shambani na kuzaa watoto, ndio babu na bibi zetu leo. TB iliondoka, makovu yakabaki. Na kovu la mapafu linaweza kutoa damu miaka 30 baadaye bila kimelea hata kimoja cha TB.

Hutokeaje? Njia moja ni mirija ya hewa iliyovutwa na kovu ikapanuka na kulegea. Makohozi hutuama humo kama maji kwenye mfereji ulioziba, bakteria huzaliana, na kila mafua makali yanakuja na damu. Njia nyingine ni tundu. TB huchimba tundu ndani ya pafu, na baada ya kupona tundu hubaki wazi. Vumbi la fangasi aitwaye aspergilasi, aliyeko kila mahali, kwenye udongo, kwenye nafaka zilizovunda, kwenye majani makavu, huvutwa na pumzi na kuingia humo. Kwenye pafu lenye afya hufagiwa nje. Kwenye tundu huota, na baadhi ya watu hujenga bonge la ukungu linaloonekana kwenye eksirei kama yai ndani ya kiota. Pembeni ya bonge kuna ile mishipa yenye msukumo mkubwa. Watafiti waliofuatilia watu wapatao 400 waliotibiwa TB Gulu, Uganda, na kuchapisha matokeo 2019, waliona ugonjwa huu wa fangasi ukiwaandama hasa wale waliobakiwa na matundu.

Mgonjwa wa namna hii anakohoa, anakonda, anatema damu, na eksirei yake ni chafu. Anafanana na TB kwa kila kitu. Anaanzishiwa dawa za TB miezi sita. Damu inakata kwa muda kama ambavyo ingekata yenyewe, kisha inarudi, na anaanzishiwa tena. Wapo waliopitia mzunguko huo mara tatu.

Saratani ya mapafu nayo hujificha nyuma ya mlango huohuo. Kivuli kwenye picha, damu, kukonda: TB, anza dawa, rudi baada ya miezi miwili. Miezi hiyo, kwa saratani, ni mingi. Mvuta sigara wa muda mrefu yuko hatarini zaidi, lakini asiyewahi kuvuta naye hupata. Sauti iliyokwaruza bila kupona, ncha za vidole zilizovimba na kucha kupinda kama mgongo wa kijiko kilichofunikwa, maumivu ya bega yasiyo na sababu: hivi daktari aambiwe. Nchini Uingereza mwongozo unataka mtu wa miaka 40 au zaidi anayekohoa damu bila maelezo apelekwe haraka kutafutwa saratani, kabla ya kubahatisha kitu kingine. Kwetu TB ni nyingi mno kuiga hilo neno kwa neno, lakini hofu iliyo nyuma yake ni halali hapa pia.

Kwa hiyo swali hili liulizwe kwa adabu, na kila familia ina haki ya kuliuliza: "Daktari, makohozi yameonyesha vimelea vya TB, au tunaanza dawa kwa kuangalia picha?" Kuanza kwa picha si kosa, wakati mwingine mgonjwa ni mahututi na hawezi kutoa makohozi. Ila ikiwa ni hivyo, panga siku ya kurudi, na akiwa hajapata nafuu baada ya wiki kadhaa, omba rufaa, usiombe dozi nyingine.

Yasiyo ya mapafu peke yake

Moyo nao hutoa damu kwa njia ya kikohozi. Mlango wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au moyo uliochoka, hurudisha msukumo kwenye mapafu. Huyu hutema povu la rangi ya waridi, hawezi kulala bila mito mitatu, na miguu yake imevimba, ukiibonyeza hubonyea. Presha ikipanda peke yake si maelezo ya kutosha ya damu kifuani; ikisemwa hivyo, uliza kama moyo umepimwa.

Damu iliyoganda mguuni ikasafiri hadi kwenye pafu huja ghafla, na mara nyingi kuna kisa nyuma yake: nyonga iliyovunjika, upasuaji, wiki za kulala kitandani. Nimonia hutoa makohozi ya rangi ya kutu. Moshi wa jiko la kuni wa miaka 50 huleta mkamba sugu unaoweza kutoa michirizi, lakini jibu hilo litolewe mwisho, mengine yakiwa yamekwisha kutafutwa.

Kuhusu dawa: aliye kwenye warfarini au aspirini asiziache kimyakimya, kwani huenda ndizo zinazozuia kiharusi. Aende nazo hospitali leo, waamue huko. Diklofenaki na ibuprofeni za mgongo na magoti, ambazo wazee wengi humeza kila siku, zisimame hadi aonwe. Na antibayotiki za dukani kama siprofloksasini na levofloksasini zinaweza kutuliza vimelea vya TB kwa muda tu, zikafanya kipimo kikose ugonjwa uliopo.

Atakachofanyiwa

Ikiwa ni michirizi na mzee anapumua vizuri, kituo cha afya kinatosha kuanzia, leo au kesho asubuhi. Watapima hewa iliyomo kwenye damu kwa kibanio cha kidoleni, watachukua damu na makohozi. Hapa wazee wengi hutoa mate wakidhani ni makohozi, na kipimo kinarudi safi. Afundishwe: asubuhi kabla ya kula, asukutue kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha akohoe kutoka chini, nje penye hewa.

Mashine ya GeneXpert, inayotafuta TB kwenye makohozi, hutoa jibu kwa takriban saa mbili na huonyesha pia usugu dhidi ya rifampisini. Ni kipimo kizuri, lakini kinasoma vinasaba, na vimelea vilivyokufa vina vinasaba pia. Aliyetibiwa TB miaka michache iliyopita anaweza kuonekana anayo wakati hana. Ndiyo sababu lazima aseme kwamba aliwahi kutibiwa, na huenda sampuli ikahitaji kuoteshwa maabara, jambo linalochukua wiki. Kwa Tanzania na Kenya, vipimo na dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Eksirei safi haifungi mjadala. Uvimbe mdogo au mirija iliyopanuka inaweza isionekane, na hapo ndipo hospitali ya rufaa huhitajika kwa kipimo cha CT (picha za kina za ndani ya kifua), au kamera nyembamba ya kuingia kwenye mirija. Damu nyingi isiyokatika inaweza kuzibwa kutoka ndani ya mshipa, mbinu iliyoanza Ufaransa miaka ya 1970, na hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifundisha wataalamu wa radiolojia ya aina hiyo. Kwa wachache, sehemu ya pafu hukatwa. Na wapo ambao hupimwa vyote na chanzo kisipatikane. Hao hupewa tarehe ya kurudi, nayo iheshimiwe.

Gharama ya CT inatisha, sikatai. Sera ya Tanzania inataka mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Nendeni na kitambulisho au barua ya serikali ya mtaa.

Kumuuliza mzee

Anaficha kwa sababu anaijua kauli ya watu. Kukohoa damu, kwake, ni kutengewa kikombe, ni mtaa kunong'ona juu ya VVU, ni kuwa mzigo kwa wajukuu. Usimuulize mbele ya watu. Kaa naye jioni. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." "Babu, zile sindano za kifua ulizosema ulichomwa ujanani, ulichomwa muda gani?" Mzee akianza kusimulia ya ujana, kitambaa hakitakawia kutoka. Hadi majibu yatoke, madirisha yawe wazi, avae barakoa akiwa na watoto wadogo, na vikombe vyake viendelee kukaa pamoja na vya wengine, kwa kuwa TB huenda kwa hewa.

Siku ya kwenda, wekeni kwenye mfuko mmoja dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, picha za simu, kadi ya TB ya zamani kama ipo, na eksirei za zamani. Hizi za mwisho watu huzitupa wakidhani zimepitwa na wakati. Daktari akiona kivuli leo hawezi kujua kama ni kovu la miaka mingi au kitu kilichoota mwaka huu, ila akiziweka picha mbili pamoja kwenye mwanga huenda akajua palepale. Chungulieni nyuma ya kabati. Hata ikiwa imefifia na kukunjamana, ichukueni.